Mchango wa Laptopu ya Sikitu

Jamhuri ya Tulizana iko mbali sana na hapa na haifanani na nchi yoyote mnayoijua. Anayedhani ameitambua, hayo ni yake. Ni nchi ya amani kupita zote. Haya si maneno ya mitaani; yameandikwa kwenye virungu vya polisi wake, kwa herufi kubwa, ili anayepigwa apate kusoma mwenyewe wakati kirungu kinashuka.

Huko aliishi Sikitu Mlekwa, mwanafunzi wa mwaka wa mwisho katika Chuo cha Diploma cha Taifa, idara ya upimaji wa ardhi. Alikuwa msichana mrefu, mkavu wa maneno, mwenye uso ambao haujawahi kupigwa na mtu, jambo la nadra katika Tulizana. Mama yake alimsomesha kwa vitumbua alivyouza nje ya geti la chuo, na mikono yake ilikuwa imeungua kwa mafuta mpaka viwikoni. Ulibaki mtihani mmoja tu. Sikitu angepata diploma, angepata kazi, na mama angeondoka kwenye moshi.

Ndipo serikali ikaamua kuwa ya kisasa.

Mkuu wa chuo, Dakta Mpembela, aliwakusanya wanafunzi uwanjani jua likiwa kali, yeye mwenyewe akiwa chini ya mwavuli ulioshikwa na makamu wake.

"Wanachuo!" alinguruma. "Dunia imehama kutoka kwenye karatasi. Na sisi tumehama, tena jana jioni. Kuanzia mtihani huu, asiye na laptopu haingii chumba cha mtihani. Asiyeingia chumba cha mtihani atapelekwa machimboni kuponda kokoto, alijenge taifa kwa njia nyingine. Nani ana swali?"

Kijana mmoja wa safu ya mbele, mgeni wa mambo, akanyoosha mkono akauliza kama chuo hakina umeme, hizo laptopu zitawashwa na nini.

Askari wa chuo wakamjibu. Walimjibu kichwani, wakamjibu mbavuni, wakamfafanulia mgongoni, na alipobebwa kupelekwa zahanati wenzake wote walikuwa wameelewa.

"Kuna swali lingine?" Dakta Mpembela aliuliza kwa upole.

Halikuwapo.

*

Katika nchi nyingine, mtu mwenye shida huomba. Tulizana ilikuwa imeshaondoka kwenye ushamba huo, na sifa zote zimwendee Waziri wa Ukarimu, Mheshimiwa Profesa Kanali Mstaafu Dunstani Lugome.

Inasimuliwa kwamba asubuhi moja gari la Mheshimiwa lilikwama kwenye foleni karibu na soko. Kupitia kioo cheusi aliona mwanamke ameanguka kando ya mtaro, homa imemzidi, na watu wanamruka kama wanavyoruka dimbwi. Hatua chache mbele aliona mwizi wa simu anapigwa. Hapo watu walikuwa wametupa kila kitu. Muuza nyanya ameacha nyanya, mwalimu ameacha darasa, bibi harusi ametoka saluni nusu ya kichwa imesukwa na nusu imesimama wima, anasukumana na wanaume apate nafasi ya kuingiza walau kofi moja.

Profesa alitokwa na machozi.

"Kumbe ukarimu upo!" alimwambia dereva wake. "Ila haukukaa mifukoni. Umekaa mikononi!"

Wiki hiyo hiyo ikapitishwa Sheria ya Mchango wa Mkono. Mwenye shida apande jukwaani. Anayemchangia ampige. Sarafu ni kofi, noti ndogo ni ngumi, na noti kubwa inampa mchangiaji haki ya kutumia kirungu cha heshima, kilichofungwa utepe wa rangi za bendera. Wizara ichukue fungu lake kwa kazi ya usimamizi. Na atakayempa mwenzake hela bila kumpiga ahesabiwe ametoa rushwa, maana mtu anayekupa hela asikuumize lazima ana jambo lake.

Nchi ilipaa. Walimu wakuu walipigwa mpaka shule zikapata vyoo. Bwana harusi siku hizo aliingia ukumbini kwa machela, na ukumbi ukalipuka kwa vigelegele. Hospitali kuu ilipata wodi mpya kwa kuwapandisha jukwaani wagonjwa wa wodi ya zamani, na wodi ilipokamilika, wagonjwa wa kuijaza walikuwa wameshapatikana.

*

"Shoga, uso huo ni mali," alisema Tunu, aliyekaa naye chumba kimoja bwenini. Tunu alikuwa ameshachangiwa laptopu yake mwezi uliopita na sasa alitafuna kwa upande mmoja tu. "Mimi walinidharau kwa sababu nilishavunjwa pua kwenye mchango wa ada. Lakini wewe? Mpya kabisa. Watakuja mpaka wa wilaya ya pili."

"Inauma sana?"

"Ngumi inazoeleka. Kofi ndilo balaa, lina dharau ndani yake."

Mwenyekiti wa kamati ya maandalizi ya mchango alikuwa mjomba wa Sikitu, Halfani, mtu aliyekuwa mwenyekiti wa kamati zote za ukoo na ambaye katika maisha yake yote hakuwahi kupigwa wala kuchangia. Alimshika Sikitu kidevu, akamgeuza huku na huku kama anayenunua papai.

"Mpwa wangu, tukitumia akili hapa hatukosi. Wa mapambo nimeongea nao, turubai lipo, mshereheshaji ninaye, pilau nitasimamia mwenyewe. Wewe kazi yako moja tu."

"Kusimama."

"Kutabasamu! Mtu akishakupiga ukamnunia, wa nyuma yake anakata tamaa. Na usizibe uso. Binti wa mzee Njiku aliziba, watu wakaondoka na hela zao."

Mama yake Sikitu alikuwa amekaa pembeni anakuna nazi. Hakunyanyua kichwa.

"Mama, usije siku hiyo," Sikitu alimwambia.

"Nitakuja."

"Mama."

"Nani atakupangusa damu? Halfani?"

Mjomba Halfani akakohoa, akasema damu haimo kwenye bajeti.

*

Siku ya mchango watu walijaa mpaka kwenye kuta. Mgeni rasmi alikuwa Waziri wa Ukarimu mwenyewe. Aliahidi kufika asubuhi, na kwa heshima ya ratiba alifika alasiri, msafara wake ukiwa na magari mengi kuliko viti vilivyokodiwa. Sikitu alikuwa amesimama juani tangu asubuhi, kwa sababu mchangiwa kukaa ni utovu wa nidhamu.

Pembeni ya jukwaa alikaa Mkaguzi wa Makofi wa Wizara, mwembamba kama mwiko, filimbi shingoni na mhuri mkononi. Kipigo halali alikigonga mhuri kwenye kiganja cha mchangiaji. Kipigo kisicho halali alikipulizia filimbi.

Wanyonge wakatangulia ili wakubwa wasisubiri. Kijana wa mwaka wa kwanza alipanda jukwaani. "Shikamoo, dada Sikitu. Samahani sana." Akampiga kofi lililomgeuza shingo, akashuka akijifuta machozi. Akaja jirani yao, mama Chamwenye, na sarafu zake.

"Hili ni la laptopu yako, mwanangu, Mungu akusaidie usome." Pa! "Na hili ni la kamba yangu ya kuanikia mliyoikata." Pa! "Nilisema mtailipia, nilisema au sikusema?"

"Ulisema, mama Chamwenye."

"Haya. Usome kwa bidii."

Akapanda mwalimu msaidizi mmoja ambaye muhula mzima alimwandikia Sikitu ujumbe usiojibiwa. Huyu alitoa noti kadhaa. Alivua koti, akalikunja vizuri, akampa mtu amshikie. Ngumi ya kwanza ilimpasua Sikitu mdomo. Ya pili ilimpiga chini ya jicho. Ya tatu ilitoa jino, nalo jino likagonga kipaza sauti, watu wote wakasikia *tii!* na kushangilia.

"Tabasamu!" Mjomba Halfani alinong'ona kutoka nyuma ya sufuria ya pilau.

Sikitu akatabasamu, damu ikamchirizika kidevuni mpaka kwenye gauni jeupe alilokodishiwa na kamati.

Ndipo akapanda mama yake. Alikuwa ameshika fundo la kanga. Alilifungua, akamwaga kila kilichokuwamo kwenye bakuli la michango.

"Nimemchangia mwanangu," alisema, akaanza kushuka.

Filimbi ililia.

"Mama!" Mkaguzi alisimama. "Unamhonga mtoto mbele ya Waziri?"

"Namchangia. Simpigi. Nimemzaa mimi."

"Basi hela hizi ni kielelezo, na nyote wawili mtalala ndani. Piga, mama, usitucheleweshe."

Mama alimsogelea Sikitu, akamgusa shavu kama anayefuta vumbi kwenye kabati. Filimbi.

"Bandia! Hilo hata nzi asingehama."

Akajaribu tena, filimbi ikalia tena, na watu wa nyuma wakaanza kuzomea, wakisema wengine wametoka mbali.

"Mama, piga," Sikitu alisema kwa mdomo uliovimba. "Piga tu, nakuomba, wasije wakakuchukua."

Mama akafumba macho, akapiga. Lilikuwa kofi zito lenye harufu ya hiliki na mafuta ya kukaangia. Aligeuka akatapika kando ya jukwaa. Mkaguzi alimfuata huko huko akamgonga mhuri kiganjani.

"Unaona?" alimwambia kwa furaha ya kweli. "Kumbe unampenda."

*

Mheshimiwa Profesa Kanali Mstaafu Dunstani Lugome alizungumza mpaka vivuli vikarefuka. Aliwapongeza wananchi kwa mwamko wao. Alieleza kwamba zamani nchi hii ilikuwa na maskini walioumia bure, bila mpango, na kwamba leo hakuna anayeumia Tulizana isipokuwa kwa faida. Kisha akageuka kumtazama Sikitu.

"Binti huyu anahitaji nini?"

"Laptopu!" watu waliitika.

"Nusu ya laptopu?"

"Nzimaaa!"

"Basi mimi, kwa niaba ya serikali yenu sikivu, natoa laptopu nzima. Naahidi!"

Lazima hapa ielezwe desturi moja. Katika Tulizana, mtu wa kawaida hutoa hela ndipo apige. Mtu mkubwa huahidi ndipo apige, kisha hela hufuata. Wataalamu wa itifaki walilipima jambo hili wakaona haifai kumwita mheshimiwa mara mbili kwa kipigo kimoja.

Mheshimiwa akapewa kirungu cha heshima. Akatema mate viganjani, kamera zikamulika, akapiga. Sikitu hakuusikia mlio. Aliona tu anga limekuja chini ya miguu yake. Alipozinduka, wakubwa wengine walikuwa kwenye foleni na kila mmoja ana ahadi yake. Dakta Mpembela, mkuu wa chuo, aliahidi begi la kubebea laptopu, akampiga teke la mbavu. Mkuu wa wilaya aliahidi kipanya. Mwenye kiwanda cha mabati aliahidi "kuangalia cha kufanya," na hata kwa hilo akaruhusiwa ngumi moja ya tumbo.

Jioni Mjomba Halfani alileta hesabu, akipangusa midomo. Fungu la Wizara limetoka. Turubai limetoka, mapambo yametoka, mshereheshaji ametoka, pilau ndiyo hiyo mmeiona.

"Imebaki hela ya chaja," alisema. "Nzuri, ya kampuni. Nyingine zote ni ahadi, na ahadi za watu wakubwa hizo, mpwa wangu, ni kama ziko benki."

*

Alipoweza kutembea, Sikitu alikwenda Wizara ya Ukarimu. Kichwa kilikuwa kimefungwa bendeji, jicho moja limezibika, taya limekazwa kwa kitambaa. Mapokezini alimkuta Katibu Msaidizi wa Ahadi, Bwana Mpoki, anatafuna bigijii.

"Shikamoo."

"Marahaba, binti. Nani kakufanya hivyo?"

"Waziri."

"Aa! Hongera sana."

"Nimefuata ahadi yangu. Laptopu."

"Ipo. Ipo kwenye mchakato."

"Mtihani ni Jumatatu."

"Mchakato haujui Jumatatu, binti yangu. Kuna watu wa ahadi ya kisima hapa, walikuja vijana, sasa wana wajukuu. Wanatusalimia kwa majina."

"Nisipofanya mtihani naenda kuponda kokoto. Mama yangu atakuwa amenisomesha miaka yote hiyo bure."

"Pole."

"Kirungu nilikipokea siku ile ile."

"Na risiti yake ipo usoni, nani anabisha?"

"Lakini hakijalipiwa. Sasa mimi nakaa na kitu cha mtu ambacho hakijalipiwa mpaka lini?"

Bwana Mpoki alikuwa mtu mwema na alipenda mzaha. "Ukichoka nacho," alisema, "mrudishie mwenyewe." Akacheka sana, mpaka bigijii ikamtoka ikanasa kwenye tai ya taifa.

Sikitu hakucheka, taya halikumruhusu. Alishuka ngazi polepole akiligeuza lile neno kichwani. Kila alipoligeuza aliliona limenyooka. Tangu azaliwe hakuwahi kusikia serikali ikitoa ushauri wenye maana kiasi kile.

*

Jumamosi Mheshimiwa alikuwa mgeni rasmi kwenye mchango wa daraja la Mto Ngozi. Daraja hilo alikuwa ameshaliahidi mara kadhaa, na kila alipoliahidi alimpiga mwenyekiti wa kijiji, Mzee Sengo. Siku hiyo pia Mzee Sengo alisimama jukwaani kifua wazi, mgongo umejaa makovu ya daraja ambalo hakuna aliyewahi kulivuka.

Sikitu alifika na mama yake. Walinzi wawili walimtazama.

"Huyu naye ni wa leo?" aliuliza wa kwanza.

"Uso si unauona?" alijibu wa pili. "Ni wa leo. Pita, dada."

Mheshimiwa alikuwa ameshamaliza hotuba na ameshashika kirungu. Sikitu alipanda, akapiga goti kama alivyolelewa.

"Shikamoo, Mheshimiwa."

"Marahaba, mwanangu. Nani wewe?"

"Sikitu. Wa laptopu."

"Ahaa! Wa laptopu! Inakusaidia masomoni?"

"Haijafika."

"Itafika. Serikali haisahau."

"Najua, Mheshimiwa. Kwa hiyo nimeona nikurudishie kirungu chako mpaka hapo itakapofika. Hakijalipiwa, sina haki ya kukaa nacho."

Akanyoosha mkono. Mheshimiwa alimpa kirungu bila kufikiri, kwa sababu miaka mingi alikuwa amezoea watu kumshikia vitu.

Sikitu alikishika kwa mikono miwili na kumpiga nacho tayani. Ulisikika mlio kama wa ubao unaovunjwa kwa goti. Mheshimiwa alizunguka kama anayetafuta aliyemwita, akaangukia meza kuu, akashuka nayo chini pamoja na soda, maua ya plastiki na kitambaa cha mezani.

Walinzi walishika silaha wakamtazama Mkaguzi wa Makofi. Kuvuruga mchango ulioanza ni kosa la jinai na walinzi hawakutaka kosa. Mkaguzi naye alikuwa ameduwaa, filimbi imening'inia. Alijua sheria kwa moyo, akaipitia yote kichwani. Mchangiwa ni mtu yeyote aliye jukwaani na aliyepigwa. Hakuna pahali palipoandikwa "isipokuwa waziri." Walioitunga hawakuliwaza.

Akapuliza filimbi.

"Mchango umefunguliwa!" alitangaza.

Kisha Mzee Sengo, kifua wazi, akamgeukia mke wake.

"Nipe ile sarafu."

"Ile ya sabuni?"

"Nipe."

Aliitumbukiza bakulini, akamwinua Mheshimiwa kwa kola na kumzaba kofi ambalo lilikuwa limekaa mkononi mwake tangu daraja lilipoahidiwa mara ya kwanza. Alitazama kiganja chake chenye mhuri kwa muda mrefu, kama mtu aliyepokea cheti.

Hapo ukarimu ukafumuka. Watu walipanga foleni wenyewe, wazee mbele, wenye watoto mgongoni wakapishwa, kwa kuwa Tulizana ni nchi ya nidhamu. Kwaya ya akina mama iliendelea na wimbo wa kumkaribisha mgeni rasmi, sauti zote nne, huku wanakwaya wakisogea hatua moja moja kwenye foleni, na kila aliyefika mbele alinyamaza kidogo, akapiga, akarudia ubeti wake. Muuza mkaa alimvunja pua. Timu ya mpira ilichangia kwa miguu. Dereva wa Mheshimiwa alizima gari, akaja na noti kubwa.

"Hii ni ya sikukuu zote ulizoniacha nimelala ndani ya gari," alisema kwa heshima, akachukua kirungu, akamvunja mkono pahali pawili. Mlinzi wake wa karibu alitoa noti kubwa zaidi, akapiga, akaomba chenji ili arudi tena.

Mpaka foleni inaisha, mbao za jukwaa zilikuwa zinateleza, na hela zilikuwa zimelifunika bakuli lisionekane.

"Mchango wa kihistoria," Mkaguzi alitangaza. "Lakini sheria inataka shida. Mchango usio na shida ni wizi. Mheshimiwa, wewe shida yako ni ipi?"

Mheshimiwa alitoa mapovu mekundu.

"Shida yake naijua mimi," alisema Sikitu. "Aliahidi laptopu, na hana cha kulipia. Ndiyo maana haikufika."

Mkaguzi akamtazama Mheshimiwa. Mheshimiwa akatikisa kichwa kukubali, kwa sababu angekubali chochote.

"Basi hela hizi ni za kulipa ahadi, na haziruhusiwi kwa kazi nyingine. Lipa, Mheshimiwa."

Mheshimiwa alisukuma lundo la hela kwa kidevu kuelekea kwa Sikitu. Sikitu akanyoosha mkono. Filimbi ililia.

"Bila kofi?" Mkaguzi alikuwa na uchungu wa kweli. "Mbele yangu? Hiyo ni rushwa!"

Mheshimiwa alijaribu kuinua mkono. Mkono haukuinuka. Ulining'inia kuanzia begani kama mkono wa shati lililoanikwa.

"Kama hawezi kupiga," alisema Mkaguzi, "hela zirudi Wizarani."

Mama yake Sikitu alipiga kelele. Sikitu alimwashiria anyamaze. Alipiga magoti kwenye zile mbao, akamshika Waziri wa Ukarimu kwenye kifundo cha mkono, akakitazama kile kiganja laini na pete yake nene. Hakutaka kurudia mara ya pili, kwa hiyo alikusanya nguvu zote alizobaki nazo na kujipiga nacho usoni. Pete ilifungua jeraha lililokuwa limeanza kufunga. Mheshimiwa ndiye aliyelia.

Mkaguzi akainama na kukigonga mhuri kile kiganja.

Sikitu alichukua hela ya laptopu, hakuongeza hata senti, akasimama akiwa ameshikwa na mama yake. Nyuma yake Mzee Sengo alikuwa ameshapiga magoti, anangojea mkono huo umlipe daraja lake.

*

Magazeti ya Jumapili yaliandika kwa wino mwekundu: WAZIRI ATIMIZA AHADI. Picha ilionyesha mkono wa Mheshimiwa ukiwa kwenye shavu la binti mnyonge, na maelezo chini yake yalisifu upendo wa kibaba. Mhariri hakuona tatizo lolote. Wala wasomaji hawakuona tatizo. Walisoma polepole, wakarudia kusoma, wakakunja gazeti, wakajipapasa makovu.

Jumatatu askari wa geti la chuo alinyanyua kirungu, akaona laptopu kifuani kwa Sikitu, akakishusha na kumpigia saluti. Laptopu yenyewe ilikuwa imechajiwa kwa fundi viatu mwenye sola. Chumba cha mtihani kilikuwa kimejaa watu wa bendeji na magongo, kila mmoja na laptopu yake mpya mbele yake, na Dakta Mpembela alisimamia mwenyewe, amejaa fahari.

"Leo tumeingia duniani," aliwaambia. "Anzeni."

Ndipo kelele zilipoanza kusikika kutoka upande wa mjini. Mwanzoni zilikuwa mbali, karibu na nyumba ya mkuu wa wilaya. Kisha zikasikika kwa mwenye kiwanda cha mabati: kishindo, kilio, na watu wengi wakisema kwa pamoja, kwa adabu, "Anayefuata." Kisha zikawa jirani.

Dakta Mpembela alichungulia dirishani. Foleni ilianzia kwenye mlango wa chumba cha mtihani, ikazunguka bwalo, ikatokea getini, na haikuonekana ilipoishia. Ilikuwa foleni tulivu ya watu waliovaa nguo zao za sikukuu. Mmoja alishika mchi, mwingine mpini wa jembe, mwanamke mmoja mzee alikuwa na tofali amelifunga kwenye kitambaa kama zawadi. Dakta alijaribu kukumbuka ni nini alichowahi kuahidi katika utumishi wake, akakuta kumbukumbu yake ni nzuri mno.

Mlango ukagongwa taratibu.

"Hodi humu ndani! Tumekuja kurudisha vitu vya watu."

Dakta Mpembela aliukomea mlango, akausukumia kabati, akaingia chini ya meza yake.

"Endeleeni na mtihani," alinong'ona kutoka huko. "Msiwe na haraka. Leo muda nimeuongeza."

Hodi ya pili ilipasua ubao wa juu wa mlango. Sikitu alisogeza laptopu karibu na jicho lake lililofunguka, akasoma swali la kwanza. Alikuwa analijua.